Wiki Nane za Kijiko Kidogo

Jumatano, 6 Machi

Jana mchana niliruhusiwa kutoka hospitali. Nina majeraha matano madogo juu ya tumbo, na ndani yake tumbo ambalo daktari anasema limebaki ukubwa wa ndizi. Mimi niliyekuwa namaliza kuku mzima na mkate wake kisha nikaulizia chai, sasa napimiwa maji kwa kile kikombe cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi. Kikombe kimoja kila robo saa. Nikizidisha, kifua kinabana kama mtu amekikalia.

Daftari hili ni agizo la mtaalamu wa lishe. Kila kinachoingia mdomoni kiandikwe, na kila nikienda kliniki atalisoma. "Andika na unavyojisikia," alisema. Basi najisikia kama gari lililopandishwa juu ya mawe.

Kwa miaka kumi na sita nimefundisha watu udereva. Nilifika kilo mia moja sitini na tatu, sukari ikapanda, magoti yakaanza kulia ngazini, na mwaka jana mwanafunzi alipotuingiza mtaroni walihitajika watu wanne kunichomoa garini. Walicheka, nami nikacheka nao. Nilipofika nyumbani sikucheka.

Mke wangu ndiye aliyepaswa kuniuguza. Yeye ni mpimaji wa barabara na kambi yao iko ng'ambo ya mto. Siku mbili kabla ya upasuaji mvua ikaja mapema, ikabeba daraja. Akanipigia simu: "Sivuki. Nimemwomba mama aje." Nikasema tuahirishe. Akasema, "Ukiahirisha leo hutarudi tena kwenye ile foleni." Ananijua.

Kwa hiyo nipo na mama mkwe. Miaka kumi na moja ya ndoa sijawahi kukaa naye peke yetu zaidi ya nusu saa, na hiyo nusu saa ilikuwa na televisheni. Sasa tuna wiki nane.

Alhamisi, 7 Machi

Maji. Supu ya kuku iliyochujwa, vijiko sita. Maji. Chai ya rangi bila sukari. Mvua.

Ijumaa, 8 Machi

Mama alikuwa opereta wa simu kwa miaka thelathini, enzi zile za kuchomeka waya. Anaongea kwa sauti ya wazi, haongezi neno. Amekaa mkabala nami na saa yake ya mkononi ameiweka mezani.

"Kunywa, baba."

Nanyonya kidogo. Robo saa.

"Kunywa, baba."

Nimemwambia taratibu kwamba mimi si mtoto mchanga, saa naijua. Akasema, "Najua. Kunywa."

Upasuaji huu unatoa gesi. Sitaandika zaidi, ila mkwe wangu sasa amesikia sauti ambazo hata mke wangu nilikuwa namfichia. Yeye hutazama dirishani kama anayesubiri mgeni.

Jumapili, 10 Machi

Daktari alisema nitembee. Kutoka mlango wa mbele hadi dirisha la jikoni ni hatua kumi na nne. Leo nimekwenda na kurudi mara sitini. Nje hakutembeleki, barabara yetu imekuwa mfereji.

Mguu wangu wa kulia unakanyaga breki kitandani.

Jumanne, 12 Machi

Maziwa yasiyo na mafuta. Uji mwembamba uliochujwa. Mtindi vijiko viwili. Mama mkwe hupika chakula chake saa sita, halafu hukifunika sahani juu ya sahani, huchukua mwavuli na kwenda nacho kwa jirani yetu mshonaji. Anakaa huko saa nzima. Bila shaka wananisema. Harufu ya kitunguu anayoiacha nyuma haiendi naye.

Simwelewi mtu anayemwandalia mwenzake uji wa kunywa kwa mrija, kisha anakaanga vitunguu ukuta wa pili.

Alhamisi, 14 Machi

Mvua. Uji. Mara themanini mlango hadi dirisha.

Jumamosi, 16 Machi

Tangu jana nimepanda daraja, nakula vya kusaga. Yai lililopondwa na mtindi, maharage yaliyopitishwa kwenye chujio hadi maganda yote yakabaki juu, samaki aliyesagwa na maji yake. Kijiko kidogo, kile cha kukorogea chai. Vijiko vinne kila mlo, na nisinywe maji mpaka nusu saa ipite. Kijiko cha kwanza cha samaki nilikishikilia mdomoni mpaka mama mkwe akauliza kama nimelala.

Mke wangu amepiga simu, mtandao unakatika. "Mnaelewana?" Nikasema tunaelewana. Baadaye nikamsikia Mama jikoni akiulizwa hilohilo, naye akajibu, "Mkwe wangu hana neno." Sikujua kama ni sifa.

Jumatano, 20 Machi

Nimemfokea. Aliniambia nimeshamaliza kipimo changu, nikasukuma bakuli likaanguka. Aliliokota, akapangusa sakafu, akasema, "Njaa hii si ya tumbo, baba. Tumbo lako limejaa." Nikamjibu kwamba yeye hajakatwa tumbo, hawezi kujua. Nikazunguka nyumba mara mia. Kichwa changu chote ni sahani.

Jumapili, 24 Machi, wodini

Juzi Ijumaa nilipata maumivu makali, nikatapika, nikarudishwa hospitali. Inaonekana supu ilikuwa na vipande vya nyama ambavyo havikusagwa. Macho ya mama mkwe hayaoni vizuri. Naamini haikuwa makusudi. Niko kwenye dripu. Wamepiga picha, hakuna mshono uliofumuka. Kesho narudi nyumbani, na kwenye chakula naanza tena na maji.

Jumanne, 26 Machi

Maji. Supu iliyochujwa. Leo mke wangu amempigia mama yake. Nilikuwa kitandani, mlango wazi, na simu ya Mama ina sauti kubwa.

"Mama, karatasi niliibandika ukutani kabla sijaenda kambini. Kila wiki na chakula chake. Ulishindwa kuisoma au ulimwonea huruma?"

"Nimesikia, mwanangu."

"Angekufa."

"Nimesikia."

Kisha mke wangu akasema dada yangu mkubwa atakuja kuchukua nafasi Jumapili ya tarehe saba, na Mama arudi kwake akapumzike. Alilisema neno "akapumzike" kama mwalimu anayemtoa mtu darasani.

Alhamisi, 28 Machi

Niliyoandika Jumapili ni uongo.

Naandika haya nikijua kwamba mtaalamu wa lishe atayasoma. Huenda nikachana karatasi. Lakini kwa siku mbili sijaweza kukaa mahali pamoja, na safari hii si njaa.

Ijumaa ile mvua ilikata saa nne. Mama mkwe akavaa viatu vyake vya mpira, akasema anakwenda kliniki ya macho, atarudi saa saba. Nikabaki peke yangu kwa mara ya kwanza tangu upasuaji. Nilianza kutembea. Dirisha, mlango, dirisha. Kwenye mzunguko wa pili nikaona sufuria juu ya jiko, kifuniko kimekaa upande. Kwa kawaida chakula chake huenda naye. Siku hiyo kilibaki. Mapaja mawili ya kuku kwenye mchuzi mzito, na pembeni nusu mkate.

Nilijiambia nitanusa tu. Nikanusa, nikaenda hadi mlangoni, nikarudi. Nikajiambia mchuzi ni maji, na maji ninaruhusiwa. Nikachovya kidole. Nikaenda hadi mlangoni. Niliporudi mara ya tatu sikujiambia chochote. Nililila paja moja nimesimama, bila kutafuna, ngozi na nyama na ule mkate juu yake, kama mtu anayefukuzwa. Sikusikia hata utamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwamba sikusikia utamu.

Maumivu yalikuja nikiwa bado nina mkate mkononi. Ni kama ngumi iliyokunjwa chini ya kifua, inayokataa kufunguka. Mate yakaanza kutoka yenyewe. Nikatapika kwenye sinki, nikatapika tena, nyama ikabaki ileile mahali palepale. Jasho likanitoka. Na katikati ya hayo, nisikilizwe vizuri, nikiwa nadhani mishono imefumuka na ninakufa, niliosha sinki. Nikautupa mfupa dirishani, mtaroni, maji yakauchukua. Nikalisogeza paja lililobaki katikati ya sufuria ili lionekane lilikuwa peke yake. Ndipo nikaanguka.

Mama alinikuta sakafuni. Hakupiga kelele. Alinigeuza ubavu, akanipangusa mdomo kwa kitambaa chake cha kichwani, kisha akapiga simu. Nilimsikia akitaja mtaa, rangi ya geti, umri wangu, tarehe ya upasuaji, jina la hospitali, moja baada ya jingine bila kukwama. Mshonaji na watu wawili wa karakana ya jirani ndio walionibeba.

Hospitali daktari akauliza nimekula nini. Nikasema supu.

"Supu ya nini?"

"Ya kuku."

"Ilichujwa?"

Mama alikuwa amekaa kwenye kiti, mkoba magotini, kichwa wazi kwa sababu kitambaa chake nilikuwa nimekilalia. Ningeweza kusema. Nilikuwa na pumzi ya kutosha. Nikatazama ukuta nikasema, "Labda haikuchujwa vizuri."

Daktari akamgeukia. Alimsema pale mbele ya wauguzi, mama wa miaka sitini na tisa. Alimwuliza kama anataka kumzika mkwe wake. Nilisubiri Mama aseme kwamba supu yangu siku hiyo ilikuwa bado kwenye friji, haijaguswa. Alikuwa anajua hivyo, aliipika yeye.

Akasema, "Nimesikia, daktari."

Jumamosi, 30 Machi

Sijachana karatasi. Sijasema pia.

Leo ameanza jambo jipya. Anachuja supu mara tatu, kisha ananiletea chujio na bakuli. "Tazama mwenyewe, baba, kabla hujanywa." Natazama. Hamna kitu, ni maji ya dhahabu. Nasema ipo sawa. Anasubiri mpaka nimeze kijiko cha kwanza, ndipo anarudi jikoni.

Hii supu inapita kooni kama msumari.

Jumatatu, 1 Aprili

Mvua. Chujio. Supu. Chujio.

Jumatano, 3 Aprili

Mizani inasema mia moja arobaini na sita. Kilo kumi na saba zimeondoka. Nilikuwa nimejiahidi kwamba nikifika hapo nitampigia kila mtu simu. Sikumpigia mtu.

Nimerudi kwenye vya kusaga. Mtindi, yai, samaki, vijiko vitatu.

Ijumaa, 5 Aprili

Mshonaji amekuja kunipunguzia suruali. Pini mdomoni, anazunguka kiuno changu kama anayezunguka mnara uliobomolewa nusu. Akanitania kwamba kitambaa anachokata kitatosha kumshonea mtu mwingine mzima. Halafu akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti.

"Mama yako siku hizi haji kula kwangu. Kuna nini?"

"Alikuwa anakuja kupiga soga," nikasema.

"Soga gani? Yule mama haongei. Alikuwa anakuja kula huko kwangu ili wewe usimwone akitafuna. Alisema mwenye njaa hatafuniwi usoni. Vitunguu vyenyewe akavihamishia jikoni kwangu tangu wiki ya pili, akisema harufu inakutesa. Tangu utoke hospitali mara ya pili hapiki hata hicho chakula chake. Anakunywa chai na kipande cha mkate, basi." Akatoa pini ya mwisho mdomoni. "Na watu hapa nje wanaulizana kama ni kweli alikulisha nyama. Mimi nawaambia sijui. Niwaambie nini?"

Nikasema suruali inabana. Haikuwa inabana.

Alipoondoka nikamtazama mama mkwe akitandika meza. Gauni lake limelegea mabegani. Katika nyumba hii anayepungua bila upasuaji ni yeye. Nilikuwa nimemwandika humu kama mmbeya, na kama mtu asiye na huruma. Nimerudi nyuma nikasoma. Mwandiko ni wangu.

Jumamosi, 6 Aprili

Dada yangu anafika kesho. Begi la Mama lipo tayari karibu na mlango, amelifunga kwa kamba kwa sababu zipu imeharibika.

Saa tatu asubuhi nilikaa sebuleni nikampigia mke wangu. Mama alikuwa kwenye kochi anakunja nguo zangu zilizokauka. Nikaweka simu juu ya meza, sauti wazi.

"Mke wangu, ile nyama nilikula mwenyewe."

"Nyama ipi?"

"Ya ile siku. Mama hakunipa. Hata nyumbani hakuwepo. Nililichukua paja la kuku kwenye sufuria yake, nikalila, nikatupa mfupa, halafu nikamwambia daktari ni supu."

Mvua ilikuwa inapiga bati la kibaraza. Nilidhani mtandao umekatika.

"Mama yuko wapi?" akauliza.

"Yupo hapa, anakusikia."

"Kwa hiyo wiki mbili hizi mimi namgombeza mama yangu kwa jambo ulilofanya wewe."

"Ndiyo."

"Na ulikuwa unasikia?"

"Nilikuwa nasikia."

Akakata simu. Sijui kama ilikuwa hasira au machozi, na sikustahili kuuliza. Nilimgeukia Mama. Nilikuwa nimeandaa maneno tangu alfajiri, yote yakanipotea, nikabaki na "Nisamehe, Mama."

Alimaliza kukunja shati alilokuwa nalo. Akaliweka juu ya mengine, akalinyoosha kola.

"Uji wako unapoa," akasema.

Baadaye nilimpigia dada yangu nikamwambia asije. Jioni begi likawa limerudi chumbani.

Ijumaa, 12 Aprili

Kliniki. Mtaalamu wa lishe amesoma daftari lote mbele yangu, hata kurasa za Alhamisi ile. Nilitazama viatu vyake. Alipofika mwisho akasema, "Wengi huandika supu." Kisha akaniandikia vyakula laini: yai la kuchemsha, samaki bila miba, viazi vilivyopondwa kidogo, mboga zilizoiva sana. Kila tonge nitafune mara ishirini na tano. Nyama ya kuku baada ya wiki ya nane, nayo iliyochambuliwa. Alinitazama akiandika hilo.

Jumatatu, 15 Aprili

Yai nusu. Dakika ishirini na tano. Mama amerudi kula, tena mezani, upande wa pili. Nilimwomba mimi. Alisita, akaleta sahani yake. Wali na maharage. Niliweza.

Jumamosi, 20 Aprili

Maji ya mto yamepungua, wameweka daraja la muda, na mke wangu amefika saa kumi na matope hadi magotini. Alinipita mlangoni. Akaenda moja kwa moja jikoni, akakaa kwenye kigoda karibu na miguu ya mama yake, akaanza kumenya viazi ambavyo havikuwa vimeombwa.

Mimi alinisemesha tu alipotaka chumvi.

Jumanne, 23 Aprili

Tumezungumza. Hayo ni yetu, si ya kliniki. Samaki, vijiko vitano. Mara ishirini tu mlango hadi dirisha, nikasahau kuendelea.

Ijumaa, 26 Aprili

Wiki nane kamili. Kilo mia moja thelathini na nane. Daktari ameniruhusu kuendesha gari, na kazi yangu ya kwanza ikawa kumrudisha Mama kwake, mwendo wa saa tatu. Mke wangu alibaki na ripoti zake za barabara.

Nilikwenda njia nzima nikimtazama kwa jicho la pembeni. Wiki tatu nilikuwa nimemweka mahali pa juu sana. Nilimwambia mke wangu sijaona mtu mwenye subira kama mama yake. Nilimwambia mshonaji, mshonaji akawaambia wengine, na asubuhi hii majirani walitoka na miavuli kumuaga. Yeye aliwapungia mkono bila kuinua uso.

Tulipopita mashamba ya mwisho akasema, "Baba, egesha kidogo. Nina neno."

Nikawasha taa ya pembeni, nikatoka barabarani, nikavuta breki ya mkono.

"Kliniki ya macho ni Jumatatu," akasema.

Sikuelewa.

"Siku ile ilikuwa Ijumaa. Kliniki haikuwepo. Nilikaa kwenye benchi la duka la dawa."

Wipa zilikwenda zikarudi. Nikazizima.

"Nilikuona unavyozunguka mle ndani siku baada ya siku. Ukanifokea, nikasema huyu ataingia wazimu kabla hajapona. Nikajiambia mtu mzima akionja kidogo hafi. Lakini kukupa kwa mkono wangu nilishindwa, karatasi ya mwanangu ilikuwa ukutani. Nikaiacha sufuria, kifuniko nikakiweka upande. Nilidhani utalamba mchuzi."

"Nililila paja zima, Mama."

"Na mkate. Niliuona ulivyopungua." Alikuwa anautazama mkoba wake. "Daktari aliponisema, nilijua ananisema kwa haki. Mwanangu pia. Ndiyo maana sikujibu. Halafu wewe ukakiri kwenye simu, na tangu siku hiyo naambiwa mimi ni mtu mwema. Leo wamenitolea miavuli. Sijalala vizuri wiki tatu."

Nilitafuta hasira, maana ilikuwa haki yangu kidogo. Badala yake niliona mapaja mawili kwenye mchuzi, na mtu wa kilo mia moja hamsini anaosha sinki huku anadhani anakufa. Hakuna aliyeniingizia mkono mdomoni.

"Utamwambia mwanangu?" akauliza.

"Ya kwangu nilishamwambia. Hii ni yako, Mama."

Kisha akafungua mkoba, akatoa simu, akainyanyua karibu na kioo. "Hapa hakuna mtandao."

"Pale juu ya kilima upo."

Nikatazama kioo cha nyuma, nikaingia barabarani. Juu ya kilima nikasimama tena, nikashuka nikamwachia gari. Manyunyu yalikuwa yanaanguka bado. Nilisimama karibu na buti nikiwa nimempa mgongo, mikono mfukoni kwenye suruali iliyopunguzwa, nikitazama lori likipanda polepole kwa gia ya kwanza. Sauti yake niliisikia kwa mbali, ileile ya kutaja namba, kisha ikabadilika, ikakatika, kisha ikaendelea. Lori lilinifikia, likanipita, likapotea upande wa pili, naye bado anaongea.

Alishusha kioo. Macho yalikuwa mekundu.

"Anasema mimi na wewe tumeshindikana," akasema. "Ingia, baba. Unalowa."